Kibaka wa kivuli, ila awe wa Kariakoo

Wale tunaocheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mtu anaumba mhusika wake halafu dadu zinaamua, leo nina neno na nyie. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, mwizi akaongezwa 1975 na uwezo wake wa kujificha kivulini. Sasa kila anayeumba mwizi lazima amvishe joho jeusi na visu viwili. Jamani, huyo anaogopa nini?

Mimi nasema tumuumbe wa kwetu. Mleteni Kariakoo, mtaa wa Kongo, saa sita mchana. Jua la Dar liko utosini, kivuli kimejikunja chini ya nyayo, nguvu hana. Anasubiri magharibi, au umeme ukatike. Hapo ndo anapita katikati ya meza za wamachinga na hakuna anayemwona.

Na dadu ikimkataa? Kitabuni atapigana na walinzi. Kwetu sauti moja tu ya "Mwizi!" inatosha, na wote tunajua kuna watu wamechomwa moto hata bila kuulizwa jina. Kwa hiyo kivuli kwake si mbwembwe, ni uhai. Mpeni pia mtu asiyeweza kumwibia, labda mama lishe anayemkopesha ubwabwa.

Mwizi huyo akikimbizwa, meza nzima mtakaa roho juu. Na siku mkisikia hilo neno mtaani kweli, pengine hamtaokota jiwe.

Nawasilisha!