Walimtaja Hadi Mbwa

Mpwa wangu ana miaka 11 na hana simu, kwa hiyo gemu zake anachezea kwenye simu yangu. Jumapili moja ya Februari mwaka huu alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, sebuleni kwetu hapa Karatu, mara akainua kichwa akaniita: "Mjomba, hawa si akina mama wa Rhotia?"

Nilizisikia sauti kabla sijamfikia. Wanawake watano, Kiiraqw, wimbo wa kumsindikiza bibi harusi. Na chini yao mdundo nilioupanga mwenyewe usiku umeme umekatika, nikikimbizana na chaji ya kompyuta. Kwenye skrini twiga wa katuni alikuwa anaruka magogo.

Kuuzwa, muziki ule uliuzwa, na niliuuza mimi. Aliyeniagiza alikuwa dalali tu, kampuni ya nje inayokusanya kazi za watunzi wa kujitegemea na kuzipeleka kwa kampuni kubwa za gemu. Kilichoniuma ni ukurasa wa majina ya walioshiriki. Tuliufungua pamoja, mimi na mtoto. Waandika programu wapo, wachoraji wapo, wahasibu wapo, mpishi wa kantini yupo, na mbwa wa ofisini naye yupo, kwa jina lake kabisa. Kwenye muziki paliandikwa jina la kampuni, basi.

"Mbona mbwa yupo?" mtoto akauliza.

Niliandika barua pepe. Nilijibiwa baada ya siku mbili, kwa upole mkubwa, na mkataba wangu umeambatanishwa, sahihi yangu imepakwa rangi ya njano. Kurasa kumi na moja. Niliusaini kwa kidole kwenye simu nikiwa sheli, nasubiri bodaboda ajaze mafuta. Dola 250 kwa dakika sita za muziki, laki tano na ushee kwa bei ya siku ile, na nilishangilia.

Kwa hiyo sikuibiwa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanionea huruma isiyonihusu. Kampuni kubwa hazina haja ya kuiba. Zina karatasi, na sisi tuna njaa na vidole.

Nilichokuja kubishana nacho ni ushauri niliopewa baada ya hapo. Prodyuza mmoja wa Arusha, mtu ninayemheshimu, aliniambia, "Kaka, kaza roho. Usiende mtandaoni. Utaonekana unatafuta kiki, na hao jamaa wanajuana." Mjomba wangu, ambaye hajawahi kucheza gemu maishani mwake, alisema jambo hilohilo kwa Kiswahili cha wazee: mambo ya ndani humalizwa ndani. Kila mwenye busara niliyemwendea alinipa kikombe hichohicho cha dawa, nami nikakinywa kwa miezi minane.

Sasa nauliza: ndani ya wapi? Huko ndani kuna wao, wanasheria wao, na mimi na bando langu la wiki. Mkataba wangu unasema mgogoro wowote utasikilizwa katika mji ambao siwezi hata kuukanyaga bila viza. Ukimwambia mtu wa namna hiyo amalizie mambo ndani, unamwambia ayamalizie chumbani kwa mwenzake, mlango umefungwa, na ufunguo anao mwenzake.

Tazama yaliyompata Mick Gordon, mtunzi wa Australia. Muziki wake wa gemu ya DOOM ya mwaka 2016 ulitwaa tuzo na kumpa jina kubwa. Ikaja DOOM Eternal, Machi 2020, na albamu ya muziki wake ikatoka ikiwa na nyimbo nyingi ambazo hakuzichanganya yeye. Mashabiki wakalalamika. Mei 2020 mtayarishaji mkuu wa gemu hiyo katika studio ya id Software akaandika barua ya wazi, mbele ya dunia nzima, akielekeza lawama za ucheleweshaji na kasoro kwa Gordon.

Hapo simama kidogo. Aliyeandika barua ya wazi ni upande wa kampuni. Sijasikia mtu akiuambia kwamba mambo ya ndani humalizwa ndani. Sijasikia mtu akisema unatafuta kiki. Adabu hii ya kunyamaza, ukiichunguza, inadaiwa kwa mmoja tu, na ni yule anayelipwa kwa dakika.

Gordon alikaa kimya miaka miwili na nusu. Novemba 2022 akatoa maelezo marefu kama kitabu kidogo, yenye tarehe, barua pepe na hata uchambuzi wa mafaili ya muziki wenyewe. Alidai hajalipwa kwa zaidi ya nusu ya muziki wake uliomo kwenye gemu. Alidai pia kwamba aliahidiwa pesa za tarakimu sita kwa sharti la kufunga mdomo. Bethesda, wachapishaji wa gemu, walikanusha mwezi huohuo, wakisema amepotosha mambo na kwamba wanasimama na watu wao. Mimi sikuwepo, na sina mizani ya kuwapima kwa yote. Ila ile ya tarakimu sita, ikiwa ni kweli, inanifundisha kitu ambacho washauri wangu wote hawakukijua: kimya changu ni bidhaa. Nimekuwa nikikigawa bure tangu Februari.

Waliotunga muziki wa Halo, Martin O'Donnell na Michael Salvatori, walikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2020 waliishtaki Microsoft wakidai mirabaha ya miaka mingi, na hoja ilikuwa moja: je, muziki ule waliutoa kwa leseni kupitia kampuni yao wenyewe, au walikuwa vibarua tu? Habari ikafika hadharani mapema mwaka 2022, na kabla mwaka haujaisha pande mbili zikawa zimepatana nje ya mahakama. Shilingi ngapi, hawakutangaza.

Neno hilo la kibarua ndilo kiini. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inasema kazi iliyoagizwa iwe sehemu ya filamu au kazi nyingine ya picha na sauti inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya kuajiriwa, ilimradi pande zote mbili ziwe zimesaini hivyo. Soma vizuri matokeo yake. Kampuni haiwi mmiliki tu. Mbele ya sheria inakuwa mtunzi. Mtunzi wa kawaida huko anaweza kudai haki zake zirudi baada ya miaka 35 hata kama aliziuza. Aliyesaini kama kibarua hana miaka 35 wala 350, kwa sababu kisheria hakutunga kitu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na haki yake ya kutajwa, na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994. Ni vizuri. Lakini ukurasa wangu wa tisa unasema sheria itakayotumika si hiyo.

Kuna wanaonijibu kwa "Baba Yetu". Kwamba Kiswahili kimeshafika mbali kwenye gemu, nishukuru. Ni kweli, na mimi nimeuimba wimbo huo kwenye kwaya kama wengi wenu. Christopher Tin, Mmarekani, aliutunga kwa ajili ya Civilization IV mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda Grammy. Lakini ulishindaje? Alikuwa ameurekodi upya kwenye albamu yake mwenyewe, Calling All Dawns, jina lake likiwa juu ya kasha. Na maneno ya Kiswahili, Sala ya Bwana tunayoijua sote, yanatajwa kuwa yalipangwa na Chris Kiagiri, Mkenya. Jina lipo. Kampuni ya gemu haikufilisika kwa sababu Mkenya ametajwa. Huo si mfano wa kunifanya nishukuru, ni mfano wa ninachokidai.

Na kelele, mnazozidharau, zimewahi kulipa. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, haki zikauzwa kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962 huku simba wake akinguruma dunia nzima. Waongoza watalii wa hapa kwetu huimba kiitikio chake kila simba akilala barabarani kreta. Mwandishi wa habari aliianika habari hiyo jaridani mwaka 2000. Mwaka 2004 familia ikaenda mahakamani. Mwaka 2006 wakapatana. Hapa nyumbani, AY na Mwana FA waliishtaki Tigo kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ruhusa, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe shilingi bilioni 2.16. Kampuni ilikata rufaa, kesi ikaendelea kupanda ngazi, na wakati huo wote wasanii wale hawakuomba radhi kwa kusema. Mmoja wao aliteuliwa mwaka 2023 kuwa naibu waziri wa utamaduni na sanaa. Jina lililochafuka lina namna yake ya kusafika.

Mimi nimekulia kando ya barabara inayokwenda geti la Lodoare. Tangu utoto naona magari yakisimama pale, karatasi zikikaguliwa. Gari likishuka kreta linalipiwa peke yake, mbali na waliomo. Ukitaka kupiga filamu ya biashara, kuna kibali na kuna ada. Faru wa Ngorongoro hawezi kuuzwa picha yake bila mtu kutoa stakabadhi. Kilomita chache kutoka hapo, Rhotia, unaweza kuingia na maiki moja, ukabeba sauti za wanawake watano, ukatoka bila kuulizwa na mtu.

Najua unaweza, kwa sababu aliyeingia ni mimi.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa kufika. Akina mama wale niliwarekodi asubuhi moja, kwenye chumba cha darasa la watoto la kanisa lao. Nilimpa kila mmoja elfu kumi na soda. Niliona nimefanya jambo la heshima. Mmoja wao hata alinibariki. Kisha, kwenye ukurasa wa nne wa mkataba, nilithibitisha kwamba kila kilichomo kwenye kazi hiyo ni utunzi wangu binafsi. Kwenye mafaili ya kampuni ile, wimbo wa harusi wa Rhotia umetungwa na mimi. Walinifuta mimi baada ya mimi kuwafuta wao, na mkataba ulikuwa unatumika njia nzima kutoka juu mpaka chini kama bomba.

Miezi minane ya kimya haikuwa adabu, basi. Wala haikuwa ushauri wa mjomba. Niliogopa kwamba nikipiga kelele, mtu atauliza swali la pili.

Mwezi uliopita nilipanda Noah nikaenda. Tulikaa nje, chini ya mgrevilia, nikawawekea gemu. Wawili walicheka twiga. Mkubwa wao hakucheka. Aliuliza nililipwa ngapi, nikamwambia. Hesabu aliipiga kichwani kabla sijamaliza kuifungua simu: elfu hamsini zao, zilizobaki zangu.

"Na huko umeandika wimbo ni wa nani, mwanangu?"

"Wangu, mama."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Mmoja alinyanyuka akaenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Tuliyoafikiana ni haya. Zile laki tano na ushee tunagawana sawasawa, watu sita, na fungu langu la ziada nalirudisha kwa awamu. Ya kwanza nimeshaitoa. Nimeiandikia kampuni barua ya pili, nikikiri kwamba nilichothibitisha ukurasa wa nne hakikuwa kweli, na nikidai majina yaingie kwenye ukurasa wa walioshiriki. Najua kukiri huko kunaweza kunigharimu. Ukurasa wa nne una adhabu zake. Niliwapa siku thelathini. Leo ni ya thelathini na nne na sijajibiwa, ndiyo maana unasoma haya. Jina la kampuni silitaji leo, na si kwa kuogopa kuitwa mtafuta kiki. Akina mama wameomba isubiriwe hadi mwisho wa Novemba, na wimbo ni wao.

Siku ile nilitoa daftari niandike majina. Matatu matatu, walisema, la kwanza, la baba na la ukoo, kama kwenye kitambulisho. Nilipofika la tano nikafunga daftari.

"Bado," yule mkubwa akasema. Ubeti wa mwisho, ule unaorudiwa, ulikuwa wa mama mkwe wake, aliyefariki mwaka 1998. Yeye ndiye aliyeuongeza, kwenye harusi ya binti yake wa mwisho. Akanitajia jina polepole, akainama kuangalia ninavyoandika, akaniambia nifute, pale ni q, si k.