Mwongozo Usio na Njia ya Flashi Haujaisha

Mwaka jana nikiwa BTP kwenye sekondari moja huko Mgeta, mkuu wa shule aliniita: "Mwalimu, ile programu ya hesabu unaweza kutuwekea?" Kompyuta za shule zilikuwa tatu, zote za Linux. Nikajibu naweza, si nimetoka chuo! Mwongozo wa programu ulikuwa na njia moja tu: fungua terminali, andika `sudo apt install` na jina la programu, subiri. Nikasubiri. Kumbe apt haileti programu peke yake, inaleta na vifurushi vyote ambavyo programu inavitegemea. Bando langu la wiki likakata kompyuta ya kwanza haijafika hata nusu, Form Two wamejaa dirishani wanachungulia. Kipindi nikakimalizia kwa chaki.

(Kiswahili chetu nacho! Kifurushi ni cha programu, na kifurushi ni kile unachonunua kwenye simu. Cha kwanza kinakula cha pili.)

Niliporudi Mazimbu, mwenzangu akanionyesha kwamba njia ilikuwepo siku zote. Tafuta kompyuta yenye toleo lile lile la Linux, andika amri ile ile ukiongeza `--download-only`. Vifurushi vinashuka bila kusakinishwa, vinakaa `/var/cache/apt/archives`. Unavinakili kwenye flashi, unapanda navyo mlimani, na kule unavisakinisha kwa `dpkg -i`. Kompyuta tatu, bando moja, tena intaneti ya chuo. Angalizo: kompyuta ya chuo isiwe na baadhi ya vifurushi hivyo tayari, maana apt itaviruka na utafika Mgeta na mzigo pungufu.

Sasa kwa nini haya hayakuandikwa kwenye mwongozo? Kwa sababu walioandika hawajawahi kuishiwa bando. Lakini miongozo ya programu huria huandikwa kwa kushirikiana, yeyote anaweza kupendekeza nyongeza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Sisi tunashindwa aya tatu?

Wasimamizi wa miongozo wanasema njia zikiwa nyingi hakuna anayezijaribu, na toleo jipya likitoka nusu yake zinakuwa uongo. Hapo wana haki, na sitetei orodha ndefu. Flatpak, kwa mfano, mara ya kwanza hushusha na mazingira yake ya kuendeshea programu, yanaweza kufika mamia ya MB. Kwa mtu wa Mgeta hiyo ni njia ya kumfilisi. Nataka njia moja tu iongezwe, ile inayobebeka kwenye flashi, na kila njia iandikwe inakula MB ngapi. Kolibri wameweza: masomo yake unayahamisha kwa flashi, au kompyuta kwa kompyuta bila intaneti, na mwongozo unaeleza.

Mimi nimeshatuma aya zangu. Nimejibiwa kwa swali moja: toleo lijalo nani atazijaribu? Nimeandika jina langu, ila mwakani sitakuwepo chuoni. Natafuta mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili mwenye laptopu ya Linux. Flashi nitamwachia.