Tusihukumu Neno kwa Sauti Yake



Kuna desturi iliyozagaa katika mabaraza yetu, na hata katika baadhi ya vyuo vyetu, ya kuhukumu maneno kwa sikio. Mtu husikia maneno mawili yanafanana, akasema ni ndugu. Husikia mwenziwe katamka neno si kama litamkwavyo kwao, akasema huyo ni mjinga. Wala hajiulizi neno hilo limejengwaje: lipi shina lake, kipi kimetiwa mbele, kipi kimetiwa nyuma. Desturi hii twaikataa, na sababu zetu ni hizi.

Tuanze na dini, maana hapo ndipo hasara ilipo kubwa. Yuko mtu auzaye hirizi, naye akitakiwa hoja husema: "Dua na dawa ni neno moja, sikilizeni wenyewe." Mama mwenye mtoto mgonjwa humwamini, akatoa fedha zake, na hospitali akaiacha. Lakini hoja hiyo ni tupu. Dua mzizi wake ni dal, 'ain, waw, na maana yake ni kuita na kuomba. Katika mzizi huo tumepata pia kudai na madai. Dawa mzizi wake ni dal, waw, ya, nao ni wa matibabu. Kiswahili hakina sauti ya 'ain, kikaiacha njiani, ndipo maneno yaliyokuwa mbali yakakaribiana masikioni mwetu. Hatusemi mgonjwa asiombewe dua. Dua ni ibada. Twasema kwamba haifai mtu kuifanya sauti kuwa dalili, kisha akala kwayo mali za watu.

Na tazama upande wa pili. Elimu, mwalimu, maalumu, taaluma, ulamaa na alama, ukiyasikiliza tu waweza kudhani ni maneno sita yasiyojuana. Yote yatoka katika mzizi mmoja: 'ain, lam, mim. Sikio huwaunganisha wageni na huwatenga ndugu. Basi vipi tulifanye kuwa kadhi?

Wazee wa elimu hii walilijua jambo hili zamani. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya 2 ya Hijra, aliyapanga maneno ya Kiarabu kwa mizizi yake, na kitabu chake akakiita kwa jina la herufi ile ile ya 'ain tunayoiangusha sisi. Mwanafunzi wake Sibawayhi, ambaye kitabu chake ndicho nguzo ya nahau ya Kiarabu, alikuwa Mfursi, si Mwarabu. Hakuipata lugha kwa nasaba. Aliipata kwa kusoma jinsi ilivyojengwa. Hata neno letu la sarufi latokana na sarfu, ile elimu ya mabadiliko ya maneno. Jina tumelichukua, kazi yake tumeiacha.

Kosa la pili ni ule ugomvi usiokwisha juu ya Kiswahili chenyewe. Mmoja hujifaharisha kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika. Mwingine humjibu kwamba maneno ya asili ya Kiarabu ni ya wageni, basi yaondolewe. Wote wawili huhesabu maneno kama mtu ahesabuye mawe ya nyumba asiitazame nyumba.

Chukua neno waelimishaji. Ndani yake umo mzizi wa Kiarabu, hilo halina shaka. Lakini wa- ya watu wengi si ya Kiarabu. -ish- ya kusababisha si ya Kiarabu. Wala -ji ya mtendaji mwishoni si ya Kiarabu. Kiarabu hubadili neno zaidi kwa kugeuza irabu ndani ya mzizi. Kiswahili huunga mbele na nyuma ya shina. Kitabu kwa Kiarabu wingi wake ni kutub. Mswahili aliisikia ile ki- ya mwanzo, akaiona kama ya kiti, akasema vitabu. Mwalimu asili yake ni mu'allim. Ile mu- ya Kiarabu ikakutana na m- yetu ya mtu, tukapata walimu. Hapo Kiarabu hakikuvunjika. Kiswahili kilimpokea mgeni, kikamvika nguo za nyumbani, naye leo ni mwenyeji. Anayejifaharisha kwamba nyumba yote ni ya mgeni, na anayetaka mgeni atupwe nje, wote hawajui ukoo wao.

Kosa la tatu ni la adabu, nalo huonekana tunaposafiri bara. Olasiti ni kata ya jiji la Arusha, katika nchi ya mlima Meru. Huko utasikia Kimaa cha Waarusha, na Kimeru, na Kichaga, na lugha za wengine waliohamia, na wote hukutana katika Kiswahili. Mtu wa pwani akifika huko, akaswali na wenyeji, kisha akamsikia kijana anasema "babu anaendaga msikitini," hucheka. Akirudi kwao, hulisimulia barazani ili na wengine wacheke.

Anacheka nini? Ile -ga ni kiambishi cha mazoea, cha jambo litendwalo kila mara, na kimo katika lugha nyingi za Kibantu, kama Kisukuma, Kikuyu na Kinyarwanda. Kiswahili sanifu kazi hiyo hukipa kiambishi hu-, tukasema babu huenda msikitini. Basi kijana yule ameijua maana, na amejua kwamba maana hiyo yataka kiambishi. Alilokosa ni kuchukua cha jirani. Mfundishe hu- kwa upole, maana katika mtihani na katika maandishi itamfaa. Lakini usimcheke. Sisi wenyewe twasema ntakuja, tukaimeza irabu ya ni-, wala hatujichekei.

Na huyo mchekaji, muulize kuhusu jina la mahali aliposimama. Hajui kwamba ol- ya mwanzo, kama ya Oldonyo na Oljoro, ni kiambishi cha Kimaa cha majina ya kiume katika umoja. Olmurrani ni kijana mmoja, ilmurran ni wengi. Kiswahili kikaiacha ol-, kikasema morani. Mwenyeji wa Olasiti hana lugha ya ovyo. Ana ujenzi wake, na mgeni hajausoma.

Qur'ani imetufunza katika Suratur-Rum kwamba kuhitilafiana kwa ndimi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na katika Suratul-Hujurat tumekatazwa watu kuwadharau watu wengine, maana huenda wanaodharauliwa wakawa bora. Mtu aliyesilimu jana Olasiti, akachekwa ulimi wake leo na ndugu yake wa pwani, je, kesho atarudi kukaa karibu naye katika safu?

Dawa ya haya haihitaji fedha. Mwalimu wa chuo, unapomsomesha mtoto aya, mwonyeshe mzizi wa neno moja na ndugu zake. Baba na mama, baada ya chakula cha usiku, mpeni mtoto neno moja alifungue: wanasomeshwa. Wa- ni nani, -na- ni lini, -som- ni nini, -esh- na -w- zafanya kazi gani, na -a hukaa wapi. Mtoto aliyezoea kufungua neno moja atafungua mengi pasi na kufundishwa. Hatadanganywa na muuza hirizi, hatagombana juu ya nasaba ya lugha yake, wala hatamcheka Mwislamu mwenziwe kwa kuwa amezaliwa mbali na bahari.

Wabillahi tawfiq.