Tulipanda Amani, ushirika tukauacha Tanga mjini

Wadau, nimerudi kutoka kambi ya vijana kule Amani nikiwa na mafua na donge rohoni. Mafua yamepona. Donge nalileta hapa.

Kwa wasiopajua: ukifika Muheza unaiacha barabara kuu, unapita Sigi, halafu ni kona juu ya kona ndani ya msitu mpaka kwenye baridi na mashamba ya chai. Wajerumani walifungua huko kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na tangu 1997 msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia. Kama unatafuta mahali pa kusikia moyo wako unasema nini, ni pale.

Sitaki kuwa mnafiki. Kambi ilikuwa na mazuri yake. Sala ya alfajiri huku ukungu umefunika miti, siisahau. Siku ya pili nililia kwenye maombi, na mimi silii ovyo.

Lakini jamani, tuseme ukweli. Mchango ulikuwa shilingi 85,000, ndani yake na fulana yenye jina la kambi. Mpiga kinanda wetu hakuja. Kibarua chake kiliota nyasi miezi mingi iliyopita na sote tunajua. Alipoulizwa akasema ana udhuru. Tukaitikia "haya, tutakuombea", basi likaondoka. Siku tatu tumefundishwa upendo, na katika siku hizo tatu hakuna aliyeuliza habari zake. Hata mimi sikuuliza. Nilikuwa nimevaa fulana.

Sasa huo ni ushirika gani? Soma Matendo ya Mitume sura ya 2: waumini wa kwanza waliuza mali zao wakamgawia kila mtu kwa kadiri ya shida yake. Hawakuanza na ada ya kiingilio.

Wala tusiseme hayo ni ya zamani mno. Miaka ya 1930 uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ulivuka Uganda ukafika Kenya na Tanganyika. Watu walikutana katika vikundi, wakaungama dhambi kwa kuzitaja mbele ya wenzao, na aliyeiba alirudisha alichoiba. Jina "walokole" tumelipata huko, kwa Waganda, maana yake waliookoka. Wokovu wao ulionekana kwa jirani aliyerudishiwa mbuzi wake. Wa kwetu unaonekana kwenye picha za simu, tumekunja mikono, msitu nyuma yetu.

Najua jibu la viongozi: basi linalipiwa, chakula kinanunuliwa, hela haiokotwi. Kweli kabisa. Ila fulana haikuwa basi wala chakula. Tungeiacha hiyo, na mwenye kazi akaongeza kidogo kwenye bahasha isiyoandikwa jina, wasio na uwezo wangepanda mlima bila kuaibishwa. Mhazini pekee ndiye angejua. Na kabla basi halijaondoka, mtu mmoja asome orodha ya wasiokuja na aulize kwa nini, asitosheke na neno "udhuru".

Wengine watasema naponda kanisa. Hapana. Anayeponda ni yule anayesema kukua kiroho ni mambo yangu na Mungu wangu tu, wengine shauri yao. Kama ni hivyo, kila mtu angefunga mlango akasali chumbani kwake, tukaokoa nauli.

Jumapili niliyorudi nilimpitia jamaa kwao. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungenipigia tu simu, kaka. Hata nisingekuja, ningejua mmenikumbuka."

Somo lile sikulipata siku zote tatu mlimani.

Naomba kutoa hoja. Kambi ijayo, nani ataulizia wasiokuwapo?