Binti zetu na kazi ya hoteli



Wiki hii tuongee juu ya masomo ya hoteli. Wengi wetu tunasema: kupika na kutandika kitanda binti anajifunza nyumbani, ya nini kulipia? Lakini hoteli inadai zaidi: hesabu ya stoo, usafi wa chakula, kupanga meza, na lugha za wageni.

Kule Nairobi, Chuo cha Utalii kilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Kina hoteli yake, kwa hiyo mwanafunzi anahudumia wageni wa kweli kabla ya kupata diploma. Mwenye hoteli anapenda kuajiri mtu aliyekwisha kuzoea kazi. Nchi yetu nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili chetu kinasikika hadi Mombasa na Zanzibar.

Basi, kabla likelemba haijalipa masomo, tuulize shule: staji inafanyika wapi? Hoteli gani zinapokea wanafunzi? Waliomaliza wako wapi leo?

Tena tuwe macho. Mtu akiahidi kazi ya hoteli ng'ambo bila mkataba, au akitaka kushika pasipoti ya binti, tukatae. Kazi ya kweli ina jina la hoteli, na mshahara umeandikwa kwenye karatasi. Mama asiyejua kusoma amwite mwenzake amsomee kabla binti hajatia sahihi.