Kikuku Hakina Tabia

Kila mwanzo wa muhula, mbao za matangazo za vyuo vingi nchini hubandikwa picha zilezile: sketi fupi, blauzi ya mgongo wazi, suruali iliyochanwa magotini, kaptula, zote zimepigwa alama nyekundu ya X. Tangazo lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni yale maneno tunayoongeza sisi wenyewe baada ya kulisoma.

Maana tangazo linasema nguo fulani isivaliwe darasani, basi. Sisi tunaendelea mbele. Binti mwenye kikuku mguuni tunamwita malaya kabla hajafungua mdomo. Kijana mwenye dredi ni mvuta bangi. Wa mlegezo ni mhuni, hana future. Halafu kuna yule anayechomekea shati kila siku na kiatu kinang'aa. Huyo ni mtu wa heshima, hata kama darasa zima linamdai na simu hapokei.

Mimi nasema nguo haina uwezo wa kutuambia tabia ya mtu. Inaweza kutuambia ana kazi gani leo, hali ya hewa ikoje na mfukoni kukoje. Zaidi ya hapo tunabuni.

Tuanzie hapahapa Mwanza. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Utamkuta mama mfanyabiashara wa dagaa kavaa kanga kuukuu na ndala, kwa sababu kazi yake ina maji, vumbi na harufu. Mama huyo huenda anasomesha watoto watatu na ana wateja mikoa mingine. Akiingia ofisini mwa watu na kanga yake ileile, anaambiwa asubiri kwenye benchi, na kijana mwenye tai aliyekuja nyuma yake anahudumiwa kwanza. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana huwezi kumkuta tapeli mchafu.

Na sisi wanafunzi je? Bumu likitoka, wengi tunakimbilia mitumba ya Mlango Mmoja. Unainama kwenye rundo, unachambua, unaondoka na kilichokutosha. Urefu wa gauni umeamuliwa na mtu wa Ujerumani au Korea ambaye hajui kama Nyegezi ipo duniani. Sasa anayesoma tabia yangu kwenye gauni hilo anasoma tabia ya nani hasa?

Kuna hoja huwa naisikia sana: kuvaa unavyopenda ni kuiga Wazungu, sisi tuna maadili yetu. Wanaosema hivyo waangalie Zanzibar. Enzi za utumwa, nguo ndiyo ilitenganisha mtumwa na muungwana. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki au merikani isiyo na nakshi, na kujifunika kichwa kama waungwana hakukuwa haki yake. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake hao walizichukua kanga za rangi, na miaka iliyofuata wakavaa na buibui. Hakuna Mzungu aliyewatuma. Walitaka mwili wao ufunikwe kwa nguo waliyoichagua wenyewe. Kwa hiyo hata anayevaa buibui leo kwa sababu anaipenda yuko upande wangu kwenye mjadala huu.

Na hayo maadili tunayoyapima kwa tepu ya fundi cherehani yamebadilika mara ngapi? Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua viwe marufuku. Hata tarehe haijafika, pale Kariakoo vikundi vya vijana wa kiume vilikuwa vimeshaanza kuwavamia wanawake kwa sababu ya nguo zao. Miaka hiyohiyo Wamasai nao walikuwa wakishinikizwa waache lubega wavae suruali. Yaani msichana wa mjini aliambiwa amewaiga Wazungu mno, na Mmasai akaambiwa hajawaiga vya kutosha. Mwenye nguo alikuwa na makosa vyovyote vile.

Tukifikiri hayo ni ya wazee, tukumbuke tarehe 1 Juni 2021. Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliingia bungeni Dodoma na suruali nyeusi na blauzi ya njano. Mbunge mwenzake wa Nyang'hwale, hapa jirani Geita, akalalamikia mavazi yake, na Spika Job Ndugai akamtaka atoke akabadilishe. Lilikuwa Bunge la bajeti. Habari ikavuka mipaka ya nchi, lakini kilichosikika huko ni suruali, si fedha za maji wala za zahanati. Hivi ndivyo hukumu ya nguo inavyofanya kazi: mtu anakuja na hoja, tunabaki na kiuno chake.

Najua kuna msomaji hapa anasema, "Kwa hiyo twende lekcha na nguo za kuogelea?" Hapana bwana. Kazi ina nguo zake. Daktari ana koti, mvuvi ana buti za mpira, na mwalimu anayepiga hatua mbele ya watoto 80 anahitaji nguo itakayomwacha ainame na kuandika ubaoni bila wasiwasi. Kanuni ya namna hiyo naikubali, mradi imeandikwa, inawahusu wanaume na wanawake sawasawa, na anayeisimamia anaongea na mtu kwa adabu. Mlinzi anaweza kusema, "Dada, nguo hii hairuhusiwi." Akiongeza, "Ndiyo nyie mnaojiuza," ameshatoka kwenye kanuni. Hapo ni matusi, na serikali yetu ya wanafunzi inapaswa kuyapeleka mezani kama matusi.

Kwetu tunaosoma ualimu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu karibuni hukumu zitakuwa mikononi mwetu. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare bado mzazi ananunua. Tutakapokwenda fildi, kutakuwa na mtoto mwenye sweta lililotoboka viwiko, sketi aliyorithi kwa dada yake ikiwa fupi tayari, miguuni katambuga. Sare iliwekwa ili mtoto wa maskini na wa tajiri wafanane. Mwalimu akiigeuza kuwa sababu ya kumrudisha nyumbani, au akamwita mchafu mbele ya wenzake, mtoto huyo atajifunza siku hiyo kwamba shule si ya watu kama yeye. Wapo wasiorudi tena.

Mazoea ya kumuuliza mtu shida yake kabla ya kuipima nguo yake hayaji ghafla na cheti cha ualimu. Tuyaanze hapa, kwa mwenzetu wa kikuku anayekaa safu ya mbele. Mwombe notsi. Huenda anazo zote.