Asbesto: ‘Matumizi salama’ ni salama kwa nani?

KWA miaka mingi watetezi wa biashara ya asbesto wameshikilia hoja moja: kwamba asbesto nyeupe, iitwayo krisotili, haina madhara ikitumiwa kwa uangalifu. Hudai kuwa nyuzi zake zikishafungwa ndani ya saruji haziwezi kumdhuru mtu.

Ni kweli kwamba paa zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache. Lakini hakuna paa lisilozeeka, wala jengo lisilokarabatiwa au kubomolewa.

Chukua mfano wa Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, ulipo mradi wa mji wa teknolojia wa Konza uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Ujenzi mpya unapovuta watu na biashara, majengo makuukuu ya eneo zima nayo huguswa. Iwapo paa mojawapo ni la asbesto, je, masharti ya ‘matumizi salama’ yatatimizwa?

Masharti yenyewe ni haya: paa liloweshwe maji kabla ya kuguswa, lisivunjwe wala kukatwa kwa msumeno, wafanyakazi wavae barakoa maalum na mavazi ya kutupwa, na vipande vifungwe kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Ukambani maji hutekwa mbali au hununuliwa kwa mtungi. Nani atayamwaga juu ya paa bovu? Kibarua anayelipwa kwa siku hupewa nyundo, si barakoa. Na kipande kilichosalimika huonekana mali: huezekea banda la kuku.

Hata katika mataifa tajiri hoja hii ilishindwa. Ufaransa ilipopiga marufuku asbesto kuanzia Januari 1997, Canada, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakuu, ililalamika kwa Shirika la Biashara Duniani (WTO) ikidai kwamba kudhibiti matumizi kungetosha. Ilishindwa mwaka 2000, na rufaa yake ikaangushwa 2001. Mnamo 2018 Canada yenyewe ikapiga marufuku bidhaa hiyo.

Sayansi nayo haina utata. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa limethibitisha kwamba aina zote za asbesto, krisotili ikiwemo, husababisha saratani ya mapafu, koo na ovari, pamoja na ile ya utando unaozunguka mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka kwa kuvuta nyuzi hizo kazini.

Maradhi haya aghalabu hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Wakati huo mwajiri hajulikani aliko na kibarua hana stakabadhi yoyote ya kudai fidia. Hapa ndipo majuto yanapokuwa mjukuu.

Tangu 2006, mapendekezo ya kuiweka krisotili katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam yamekwamishwa mara kwa mara na nchi chache, zikiwemo Urusi, Kazakhstan na Zimbabwe. Orodha hiyo haipigi marufuku chochote. Humtaka tu muuzaji amweleze mnunuzi hatari iliyopo na kupata idhini yake. Ikiwa bidhaa ni salama, mbona mnunuzi asielezwe?

Kanuni za Kenya za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliiorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari. Hata hivyo, kanuni pekee haishushi paa. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini akiachiwa gharama ya kuondoa na kuzika taka hizo, atalazimika kuliacha paa lichakae au kumwita fundi wa bei nafuu.

Serikali kuu na za kaunti zinafaa kutenga fedha za kazi hii, zikianza na shule na zahanati, na kuandaa maeneo ya kuzikia taka hizo karibu na wananchi. Bila hayo, ‘matumizi salama’ yatabaki kuwa salama kwa muuzaji pekee.